Kompyuta Inawaka Lakini Haifunguki: Tuokoe Kazi Kabla ya Kuitibu Mashine

Mwishoni mwa kila muhula, siku za kukusanya tasnifu zikikaribia, sentensi moja husikika mno katika korido za idara yetu: "Mwalimu, kompyuta yangu haiwaki." Ni sentensi fupi, upatanisho wake wa kisarufi hauna kasoro, lakini mara nyingi haisemi kweli. Ukimwuliza mwenye kompyuta kama taa inaonekana, atasema ndiyo. Feni inavuma? Inavuma. Nembo ya kampuni inatokea kwenye skrini? Inatokea, kisha vidoa vyeupe vinazunguka mpaka mtu anachoka kuvitazama. Basi kompyuta hiyo inawaka. Isichoweza ni kufunguka, na kati ya vitenzi hivi viwili kuna tofauti inayoweza kumgharimu mtu kazi ya mwaka mzima.

Katika toleo hili tumeonelea tuiweke kando mofolojia kwa muda, tueleze kinachotokea kompyuta inaposhindwa kufunguka baada ya kuingiliwa na programu hasidi, na hatua zinazofaa kuchukuliwa. Sisi si mafundi wa kompyuta. Ni walimu wa Kiswahili ambao kwa miaka mingi tumeketi kando ya mafundi tukiitazama mikono yao, kwa kuwa mashine walizokuwa wakizitibu zilibeba alama za mitihani, sauti za watafitiwa na sura za tasnifu za wanafunzi wetu. Tuliyoyaona yanatosha kutufanya tuseme jambo moja bila kusita: kompyuta kushindwa kufunguka si sawa na kazi kupotea. Mara nyingi kazi ingali salama ndani ya diski. Hupotea baadaye, wakati wa matengenezo.

Tuanze na istilahi, maana hilo ndilo shamba letu. Wenzetu wa Kenya hupenda kusema tarakilishi, na wapo wanaosema ngamizi. Hapa tutatumia kompyuta, kwa sababu ndilo neno analolielewa fundi wa Wandegeya bila kufasiriwa. Virusi, umoja wake ni kirusi, kwa herufi ndogo. Tunasisitiza jambo hili kwa kuwa katika insha za mwaka wa kwanza tumesoma mara kadhaa kwamba kompyuta imeharibiwa na Kirusi, kana kwamba lugha ya Moscow imeingia kwenye diski. Kirusi hujipachika ndani ya faili au mwanzoni mwa diski na kusubiri mtu akifungue. Mnyoo husafiri wenyewe kutoka mashine hadi mashine. Programu hasidi ndilo jina la jumla la ukoo wote huo. Wenye kompyuta huziita zote virusi, na kwa mazungumzo ya kila siku haidhuru. Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayozisimamia nyingine, yaani Windows kwa wengi wetu, na Linux kwa wachache.

Sasa tuangalie kufunguka kwenyewe. Kompyuta hufunguka kwa mtindo wa mbio za kupokezana vijiti. Mkimbiaji wa kwanza ni programu ndogo iliyomo katika kijisahani cha ubao mkuu. Zamani iliitwa BIOS, na katika mashine za leo ni UEFI. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kumbukumbu, kibodi na diski vipo, kisha kukitafuta kianzishi kilichohifadhiwa kwenye diski. Kianzishi ndicho mkimbiaji wa pili, na kazi yake ni kukiita kiini cha mfumo endeshi. Kiini, ambaye ni mkimbiaji wa tatu, hupakia viendeshi vya vifaa pamoja na huduma nyingi zisizoonekana. Wa mwisho ni sehemu inayomwomba mtumiaji nywila yake na kumpeleka kwenye eneokazi lenye picha na mafaili yake.

Kijiti kikianguka, mahali kilipoangukia ndipo penye ugonjwa. Hakuna taa wala sauti: hapo tushuku umeme, chaja au betri, wala tusiwasingizie virusi. Taa ipo, feni inavuma, skrini ni nyeusi tangu mwanzo au mashine inalia milio: mara nyingi ni kumbukumbu iliyolegea au ubao wenyewe. Maandishi yanasema kwamba hakuna diski ya kuanzia: ama diski imekufa, ama kianzishi kimeharibiwa. Nembo inatokea, kisha mashine inajizima na kuanza tena, au skrini inageuka buluu: kiini au kiendeshi kimeguswa. Nywila inakubaliwa, lakini mtu anarudishwa kwenye kuingiza nywila, au anaonyeshwa skrini nyeusi yenye kishale kitupu: mkimbiaji wa mwisho ndiye aliyejeruhiwa. Mwanafunzi akimwambia fundi, "Inafika kwenye nembo, inazunguka kama dakika mbili, kisha inaanza upya," ameshampa nusu ya uchunguzi. Akisema tu haiwaki, fundi atafanya analolijua zaidi, nalo ni kufuta kila kitu na kupiga Windows upya.

Programu hasidi zimekuwa zikiwavizia wakimbiaji hawa tangu zamani. Brain, kirusi cha mwaka 1986 kilichotokana na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, kilijificha mwanzoni kabisa mwa diski laini, mahali pa kianzishi. Kingine, One Half cha mwaka 1994, kilikuwa na hila ya kusikitisha. Kila mara kompyuta ilipowashwa, kilisimba kipande kidogo cha diski, kikaendelea kukisomesha kwa ufunguo uliomo ndani yake chenyewe, hivyo mwenye mashine hakugundua lolote. Aliyekiondoa kwa haraka alikuwa anauondoa pamoja nacho ufunguo, na sehemu zilizosimbwa zikabaki hazisomeki. Tunakitaja kirusi hiki cha kale kwa makusudi. Fundisho lake halijachakaa: kumwua mwizi kabla ya kumwuliza alipouficha mzigo.

Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi CIH, ambacho wengi walikiita Chernobyl, kilifuta mwanzo wa diski za kompyuta nyingi, na katika baadhi yake kiliharibu hata programu iliyomo kwenye ubao mkuu, yaani mkimbiaji wa kwanza mwenyewe. Hayo ni nadra. Yaliyotuandama zaidi sisi huku yalikuwa magonjwa ya flashi. Wasomaji wa rika letu wanaikumbuka Sality, iliyojipachika katika programu moja baada ya nyingine na kuifuta ile njia ya kuifungua Windows katika hali salama, ili mtu asipate mlango wa nyuma. Wanakumbuka pia kisa cha Windows XP cha kuingia na kutoka: programu hasidi ililichezea faili linaloitwa userinit, kinga-virusi ikaliona limeambukizwa ikalifuta, na kuanzia hapo kila aliyeingiza nywila alitolewa papo hapo. Yaani aliyeufunga mlango hakuwa mgonjwa bali daktari.

Kisa hicho cha daktari si cha kale tu. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, inayouza programu za ulinzi, ilisambaza sasisho lenye kasoro, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani zikakwama kwenye skrini ya buluu. Hapakuwa na kirusi chochote. Dawa ilikuwa kuingia katika hali salama na kulifuta faili moja, na mafaili ya watu hayakuguswa. Fikirini ingekuwaje kama kila mwenye mashine hizo angekimbilia kufuta diski nzima.

Tumefika kwenye jambo linalotuumiza. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wetu mmoja alikuwa amerekodi mazungumzo ya wachuuzi sokoni Kampala, akichunguza jinsi wanavyochanganya Kiswahili na Kiganda wanapopatana bei. Alikuwa na saa nyingi za sauti, zote katika kompyuta yake ndogo. Aliazima flashi kwa mwenzake ili achapishe sura ya tatu, na siku ya pili kompyuta ikawa inafika kwenye nembo tu. Aliipeleka kwenye kibanda kimoja cha mafundi mjini. Baada ya saa moja aliitwa: "Dada, imepona, tena sasa inakimbia kuliko mwanzo." Na kweli ilikuwa inakimbia. Ilikuwa tupu. Fundi hakuwa na nia mbaya. Aliambiwa haiwaki, akaifanya iwake. Hakuna aliyemwambia kwamba ndani yake mna sauti za watu, wengine wao wameshahama soko, wasioweza kurekodiwa tena. Mwanafunzi yule alihitimu, ila kwa mada nyingine, mwaka mmoja baadaye.

Tulijaribu kuzirudisha sauti zile. Hapa ni vizuri kujua kwamba diski za aina ya zamani, zile zenye sahani zinazozunguka, hufutwa kijuujuu tu. Kuna programu kama PhotoRec zinazoweza kuokota mafaili yaliyofutwa, mradi mahali yalipokuwa hapajaandikwa kitu kingine. Ndiyo sababu anayegundua kwamba mafaili yake yamefutwa anapaswa kuizima kompyuta mara moja, asiitumie hata kwa kutazama barua pepe. Lakini diski za kisasa za SSD zina tabia ya kusafisha zenyewe nafasi zilizofutwa, na baada ya hapo hakuna wa kuokota kitu. Kompyuta ile ilikuwa na SSD.

Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi fundi mashine, semeni wazi, tena ikiwezekana kwa maandishi: usifute chochote mpaka mafaili yangu yatolewe. Na kama hana muda wa kuyatoa, mtafuteni mwingine, au yatoeni wenyewe. Si kazi ya kutisha.

Njia tunayoipenda ni ya kuiwasha kompyuta kwa mfumo mwingine uliomo ndani ya flashi. Mtu huchukua flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, akaenda kwenye kompyuta nzima, akapakua Linux Mint au Ubuntu, ambazo hutolewa bure, kisha akaziandika kwenye flashi kwa programu kama Rufus. Ieleweke kwamba flashi yenyewe itafutwa, kwa hiyo isiwe ile yenye tasnifu. Flashi hiyo huchomekwa kwenye kompyuta iliyogoma ikiwa imezimwa. Inapowashwa, mtu hubonyeza mara kwa mara kitufe cha kuchagua pa kuanzia: F12 katika Dell na Lenovo nyingi, F9 au Esc katika HP. Orodha ikitokea, anachagua flashi. Kisha anachagua kuutumia mfumo kwa majaribio bila kuusakinisha. Msomaji azingatie hapo, maana chaguo la kusakinisha ndilo linaloweza kuifuta diski, na mara nyingi hukaa jirani.

Baada ya dakika chache linatokea eneokazi geni kidogo lakini linaloeleweka. Virusi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows havifanyi kazi humo. Vimelala tu kama mafaili mengine. Diski ya ndani huonekana, na katika folda ya watumiaji kila mtu ana folda yenye jina lake, ambamo mna nyaraka, picha, vitu vya eneokazi na vilivyopakuliwa. Pengine mfumo utasema kwamba diski inaweza kusomwa tu, haiwezi kuandikwa, kwa sababu Windows haikuzimika vizuri. Hilo lisimsumbue mtu, kwa kuwa anachotaka ni kusoma na kunakili. (Anayedhani Linux ni ya wageni tu akumbuke kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, kutoka katika ulimwengu huohuo wa programu huria.)

Nakili kwenye diski ya nje kilicho chako: nyaraka, sauti, picha, majedwali ya alama. Yaacheni mafaili yanayoishia na exe, scr, vbs na lnk, kwa kuwa ndiyo makao ya kawaida ya wageni wasioalikwa. Anzeni na yale yasiyopatikana pengine. Tasnifu iliyotumwa kwa barua pepe wiki iliyopita inaweza kusubiri, rekodi za sauti haziwezi. Na kama diski inatoa mlio wa kugonga-gonga au kunakili kunakwama kila mara, huenda tatizo si programu bali diski inayokufa. Hapo fanyeni haraka, au muipeleke kwa mtaalamu wa diski bila kuiwasha tena.

Kuna kikwazo kimoja kipya ambacho mafundi wengi wa vibandani hawakielezi. Kompyuta nyingi za Windows 11 huja zikiwa zimeisimba diski nzima kwa BitLocker. Ulinzi huo ni mzuri mwizi anapoibeba kompyuta, lakini mtu akijaribu kuisoma diski kwa Linux, au kuing'oa na kuiunganisha kwingine, ataombwa ufunguo wa tarakimu 48. Bila ufunguo huo hakuna ujanja. Mara nyingi umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, naye anaweza kuutazama kwa simu yake akiingia katika akaunti hiyo. Tunawasihi wenzetu wautafute leo, kompyuta zikiwa nzima, na kuuandika kwenye karatasi iliyo mbali na kompyuta. Iwapo mashine ni ya ofisi, ufunguo aweza kuwa nao msimamizi wa mitambo wa chuo.

Kuna pia ugonjwa mwepesi unaofanana na msiba. Mtu anachomeka flashi, folda zote zimegeuka njia za mkato, na kila anapobofya hakuna kitu. Wengi huifuta flashi papo hapo wakiamini kazi imekwisha. Kumbe mnyoo umezificha folda tu na kuweka vivuli vyenye majina yaleyale. Katika Windows iliyo salama, fungueni dirisha la amri na kuandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* mkibadilisha E kwa herufi ya flashi yenu. Folda za kweli hutokeza, nazo hunakiliwa kwingine bila kugusa vile vivuli. Tangu mwaka 2011, Microsoft ilipoizuia hata Windows XP isiendeshe yenyewe yaliyomo ndani ya flashi, minyoo ya aina hii ilibidi imtegemee mtu abofye. Watu, kwa bahati mbaya, wanabofya.

Kazi ikishatolewa, sasa mashine itibiwe, na hapa hatutasema mengi. Windows 10 na 11 zikishindwa kufunguka mara mbili mfululizo, kwa kawaida mara ya tatu huleta zenyewe skrini ya matengenezo. Kwa Kiingereza au Kifaransa, kutegemea mashine ilivyonunuliwa, mtaona chaguo la kurekebisha mwanzo wa mfumo, la kuirudisha kompyuta ilivyokuwa tarehe fulani, na la mipangilio ya kuanza. Hilo la mwisho ndilo njia ya hali salama: kompyuta ikianza upya, bonyezeni 4. Katika hali salama Windows hufunguka na watumishi wachache tu, na programu hasidi nyingi hazipati nafasi ya kuamka. Ondoeni programu zilizowekwa siku za karibuni, kisha chunguzeni kwa kinga-virusi. Windows Defender ina uchunguzi wa nje ya mtandao unaofanyika kabla Windows haijafunguka, nao huchukua takribani dakika 15. Mafaili ya mfumo yaliyoharibiwa hurekebishwa kwa amri ya sfc /scannow. Katika skrini ya matengenezo mtaona pia chaguo la kuiweka upya kompyuta, nalo lina matawi mawili, moja linatunza mafaili ya mtumiaji na jingine linaondoa kila kitu. Anayesoma lugha ya skrini kwa kubahatisha asibofye hapo peke yake.

Je, tukubaliane na mafundi wanaopiga Windows upya? Kwa maoni yetu, ndiyo, mradi kazi imeshaokolewa. Programu hasidi iliyofika kwenye kianzishi au kiini ni vigumu kuthibitisha kwamba imetoka yote, na kusakinisha upya ni salama kuliko kuishi na mashaka. Ugomvi wetu nao ni wa mpangilio wa hatua. Pia tunagombana nao kuhusu chanzo cha Windows wanayoipiga: ikitoka kwenye flashi ya mtaani yenye kile kiprogramu cha kuifungua leseni kwa magendo, mara nyingi ugonjwa mpya umo ndani ya dawa. Microsoft yenyewe hutoa bure chombo cha kutengenezea flashi ya kusakinishia. Izingatiwe vilevile kwamba Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Baada ya kusakinisha, badilisheni nywila za barua pepe na za mfumo wa alama, na mfanye hivyo kwa kifaa kingine kilicho salama, kwa sababu programu hasidi nyingi za siku hizi huja kuiba nywila, na kugoma kwa kompyuta ni ajali tu ya wizi uliofanywa vibaya.

Kuna hali moja ambapo kuyatoa mafaili hakusaidii, nayo ni ya programu za kikombozi, zinazoyasimba mafaili yenyewe na kudai fedha. Nakala mtakayoitoa itakuwa nayo imesimbwa. Hata hivyo itoeni na kuitunza. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za ulinzi wa kompyuta, hutoa bure funguo za aina kadhaa za programu hizo kadiri zinavyopatikana, na aliyekwisha kufuta hatakuwa na cha kufungulia. Kulipa hatushauri. Wapo waliolipa wasipate kitu, na mshahara wa mwalimu tunaujua.

Hadithi kubwa ya aina hii ni ya tarehe 27 Juni 2017, siku ya NotPetya. Programu hiyo ilianzia Ukraine, ikiwa imepenyezwa katika sasisho la programu ya uhasibu wa kodi iitwayo M.E.Doc, kisha ikavuka mipaka. Iliharibu kianzishi, ikaonyesha skrini iliyojifanya kuirekebisha diski, na wakati mtu akisubiri kwa subira, ndipo ilipokuwa ikiisimba orodha ya mafaili yote. Ilidai fedha, lakini kwa kweli haikuwa na njia ya kuyarudisha mafaili. Kampuni ya meli ya Maersk ilibidi isakinishe upya kompyuta 45,000 na seva 4,000 kwa muda wa siku kumi. Ilikuwa na seva zipatazo 150 zilizotunza orodha ya watumiaji wake wote, kila moja ikiwa nakala ya nyingine, na kwa kuwa zote ziliunganishwa, zote zilifutwa pamoja. Ilisalia moja tu, katika ofisi ya Ghana. Umeme ulikuwa umekatika huko, seva ikawa haiko mtandaoni shambulio lilipopita. Intaneti ya Ghana haikuweza kuituma data hiyo kwa wakati, na wafanyakazi wa pale hawakuwa na viza ya Uingereza, hivyo mmoja alisafiri hadi Nigeria akamkabidhi diski mwenzake, naye akaipeleka Uingereza kwa ndege.

Sisi tunaoulalamikia umeme kila jioni tunaisoma habari hiyo kwa jicho letu. Kilichoiokoa kampuni ile kilikuwa nakala iliyotengwa na mtandao. Flashi iliyochomekwa daima kwenye kompyuta si nakala, ni sehemu ya kompyuta hiyo, na kirusi kitaifikia. Folda ya mtandaoni inayojisasisha yenyewe ni bora, lakini faili likisimbwa hapa huenda likasimbwa na huko, isipokuwa huduma hiyo inatunza matoleo ya nyuma. Kwa tasnifu tunapendekeza nakala tatu: moja ndani ya kompyuta, moja mtandaoni, na moja katika diski inayochomekwa Ijumaa kwa dakika kumi, kisha ikachomolewa na kuwekwa kabatini. Sauti za utafiti zinakiliwe jioni ileile zilipokusanywa, kabla hata ya kuzisikiliza.

Kuanzia muhula huu, katika droo ya karani wa idara kuna flashi mbili zenye Linux Mint, na diski moja ya nje ya kuazima kwa siku mbili. Anayeihitaji aandike jina lake kwenye daftari, na katika safu ya maelezo asiandike "haiwaki". Aeleze inafika wapi.